KWA NINI BOMBA LA MWISHO HALITOI MAJI?
Programu ya kompyuta ya EPANET, toleo lake jipya, na namna ya kuiweka



Kila anayechota maji anajua jambo hili. Kituo kilicho karibu na tangi hutoa maji kwa nguvu, na kile cha mwisho hutoa uzi mwembamba au hakitoi kabisa. Akina mama wa upande wa mwisho huamka usiku kupanga jerikeni. Wakiuliza, mara nyingine huambiwa: "Kwenye hesabu maji yanafika." Karatasi hii inaeleza hesabu hiyo hufanywaje, kwa nini inaweza kukosea, na ninyi mnaweza kufanya nini ili isikosee. Mwishoni yako maelezo kwa vijana waliosoma kompyuta na wanaosaidia mafundi wa maji.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Sherikat. Tuko ng'ambo ya mashariki ya Nile, kando ya barabara ya Juba hadi Nimule, na familia nyingi za Juba bado hununua maji yanayoletwa kwa magari ya matangi. Wengi wenu mliorudi kutoka Kakuma, Adjumani au Bidi Bidi mmeishi na vituo vya maji vya mabomba na mnajua tofauti yake. Mabomba yakichorwa vibaya watu hurudia maji ya mtoni, na maradhi hufuata. Kipindupindu kilitangazwa Juba mwaka 2014, na mlipuko mwingine mkubwa ulitangazwa nchini Oktoba 2024.

EPANET NI NINI?

Ni programu ya kompyuta inayoiga mtandao wa mabomba ya maji. Ilitengenezwa na shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia ulinzi wa mazingira, na ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1993. Toleo la pili lilitoka mwaka 2000. Toleo la 2.2, ambalo ndilo tunalolizungumzia hapa, lilitolewa mwaka 2020. Hutolewa bure, na wahandisi wa nchi nyingi huitumia, wa miji na wa makambi.

Fundi huchora tangi, pampu, mabomba na vituo kwenye kioo cha kompyuta. Kwa kila bomba huandika urefu, upana wa ndani na ukwaruzo wake. Kwa kila kituo huandika kimo cha ardhi na kiasi cha maji yanayotakiwa. Kisha programu hupiga hesabu: maji mangapi yatapita kila bomba, na msukumo utakaobaki kila kituo ni kiasi gani. Inaweza pia kufuata saa za mchana na usiku, tangi linapojaa na linapopungua, na kuonyesha dawa ya klorini inavyopungua ndani ya mabomba.

Programu haichoti maji wala kuchimba mtaro. Kazi yake ni kutuonyesha kosa kabla bomba halijanunuliwa na kufukiwa.

MSUKUMO HUPOTEA NJIANI

Maji hushuka kutoka tangini kwa sababu tangi liko juu. Kimo cha mita 10 hutoa msukumo wa takriban bar 1. Lakini maji yakipita bombani husuguana na kuta zake, na sehemu ya msukumo hupotea. Bomba likiwa refu, hupotea zaidi. Bomba likiwa jembamba, hupotea zaidi sana.

Tuchukue mfano. Tangi lina maji yaliyo mita 12 juu ya vituo, na ardhi ni tambarare. Bomba lina urefu wa mita 800, na upana wa ndani wa milimita 55. Mwisho wake kuna vituo 4, kila kimoja kina koki 6. Jumla ni koki 24. Kipimo cha mashirika ya misaada, kiitwacho Sphere, ni watu wasiozidi 250 kwa koki moja inayotoa lita 7.5 kwa dakika. Kwa hiyo koki 24 ni za watu 6,000, na zote zikifunguliwa zinahitaji lita 180 kwa dakika, yaani lita 3 kwa sekunde.

Ili lita 3 kwa sekunde zipite katika bomba hilo, zitapoteza msukumo wa takriban mita 26. Lakini tuna mita 12 tu. Haiwezekani.

Sasa tubadilishe bomba, tuweke lenye upana wa ndani wa milimita 79. Msukumo unaopotea ni takriban mita 4 na nusu. Zinabaki mita 7 na nusu, na koki za mwisho zinatoa maji vizuri. Tangi ni lile lile na watu ni wale wale. Kilichobadilika ni bomba.

TOLEO JIPYA LIMEBADILI NINI?

Matoleo ya zamani yalikuwa na tabia moja. Yaliamini kwamba kila kituo lazima kipate maji yote kilichoandikiwa, hata kama msukumo haupo. Katika mfano wetu yangeonyesha kwamba vituo 4 vinapata lita 3 kwa sekunde, na pembeni yangeandika msukumo wa kasoro mita 14. Msukumo wa kasoro kwenye koki maana yake ni kwamba maji hayatoki. Fundi makini huiona alama hiyo na kurekebisha mchoro. Fundi mwenye haraka husoma safu ya maji tu na kusema: "Yanafika."

Toleo la 2.2 limeongeza njia ya pili ya hesabu. Kwa njia hiyo msukumo ukipungua, maji yanayotoka hupungua pia, kama inavyotokea kwenye koki ya kweli. Katika mfano wetu ingeonyesha kwamba bomba hilo halipitishi hata lita 2 kwa sekunde.

Tofauti hiyo ina maana gani kwenye foleni? Sphere huweka lita 15 kwa mtu kwa siku kama kiwango cha chini. Watu 6,000 wanahitaji lita 90,000. Kwa lita 3 kwa sekunde, kazi inachukua muda wa saa 8 na dakika 20. Tukikubali hata lita 2 kamili, ni saa 12 na nusu za kuchota bila kupumzika. Hizo saa 4 za ziada ndizo zinazomtoa mtoto darasani na mama gizani.

MAMBO YA KUJIHADHARI WAKATI WA KUIWEKA

Maelezo haya ni kwa wale wanaotumia kompyuta ya kamati, ya shule au ya ofisi.

1. Usinunue. Programu hii ni ya bure. Mtu akikudai pesa za "leseni" anakudanganya. Chukua kwenye ukurasa wa shirika lenyewe la Marekani, au kwa mhandisi aliyeichukua huko. Ni faili dogo linaloingia kwenye flashi ya kawaida. Pima flashi kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kuifungua.

2. Kwanza hifadhi kazi ya zamani. Kabla ya kuweka toleo jipya, fungua michoro yako katika toleo la zamani na uitoe kama faili la maandishi lenye mwisho wa ".inp". Faili la namna hiyo husomeka hata kwenye programu nyingine. Weka nakala kwenye flashi mbili, na moja isikae pamoja na kompyuta.

3. Usikimbilie kufuta toleo la zamani. Piga hesabu ya mchoro mmoja kwa matoleo yote mawili kwa njia ya zamani. Majibu yakitofautiana sana, tafuta sababu kwanza.

4. Jaribu kwa mfano uliokuja nayo. Programu huja na michoro ya mazoezi. Fungua mmoja na upige hesabu. Ukikamilika bila onyo, programu imekaa sawa.

5. Badilisha vipimo. Hapa wengi hukosea. Programu ikifunguliwa mara ya kwanza hutumia galoni za Marekani kwa dakika. Galoni moja ni karibu lita 3.8. Chagua lita kwa sekunde (LPS) kabla ya kuchora chochote. Hapo urefu utakuwa kwa mita na upana wa bomba kwa milimita.

6. Njia mpya haijiwashi yenyewe. Ukiweka toleo la 2.2 na usibadili kitu, litapiga hesabu kwa njia ile ile ya zamani. Katika sehemu ya machaguo ya hesabu ya maji, badilisha DDA iwe PDA, kisha andika msukumo ambao chini yake koki haitoi kitu, na msukumo unaotosha koki kutoa maji yote. Mtu aliyeweka toleo jipya bila kufanya hivi amebadili jina tu.

NAMBA YA UONGO HUTOA JIBU LA UONGO

Kompyuta haijui kama bomba lenu limepasuka, au kama mtu ameunganisha bomba lake kwa siri. Inajua kile ilichoambiwa. Kwa hiyo fundi akija na ndoo na saa kupima kituo chenu, msaidieni kwa haya:

- Apime wakati wa foleni, koki zote zikiwa wazi. Akipima mchana wakati hakuna mtu, kituo kibovu kitaonekana kizuri.
- Jerikeni ya lita 20 ijae kwa dakika 2 na sekunde 40. Ikichukua dakika 8, koki inatoa lita 2 na nusu tu kwa dakika. Andikeni siku, saa na muda huo kwenye daftari.
- Semeni idadi ya kweli ya watu. Ikizidishwa, maji huenda kwenye mtaa usioyahitaji. Ikipunguzwa, mnajinyima wenyewe.
- Onyesheni mahali panapovuja na palipounganishwa bila ruhusa. Uunganishaji mmoja karibu na tangi huwaondolea maji walio mwisho.

Kamati ya maji ikionyeshwa mchoro wa mradi mpya, ina haki ya kuuliza maswali manne: Je, hesabu imefanywa koki zote zikiwa wazi? Je, msukumo wa kituo cha mwisho ni mita ngapi? Je, njia iliyotumika ni ile inayopunguza maji msukumo ukipungua? Je, namba za watu ni za mwaka gani?

NA BAADA YA KOKI?

Hesabu ya EPANET huishia kwenye koki. Jerikeni yako haiko ndani yake. Utafiti uliofanywa mwaka 2013 katika kambi za wakimbizi za Maban ulionyesha kwamba maji yanaweza kutoka kwenye koki yakiwa na klorini ya kutosha, kisha yakaipoteza kabla hayajanywewa nyumbani. Ulifanywa mwaka mmoja baada ya homa ya ini ya aina ya E kuzuka huko. Kwa hiyo osha jerikeni, funika, weka kivulini, na usitumbukize mkono ndani.

KUMBUKA: Kompyuta inaweza kutuonyesha kosa likiwa bado kwenye karatasi. Kosa likishafukiwa chini ya ardhi, hulipwa kila siku na yule anayesimama kwenye bomba la mwisho. Msomee karatasi hii jirani asiyejua kusoma, kisha mpelekee mjumbe wa kamati yenu ya maji.