Nyuki Waliohamia Nyumbani: Je, Inafaa Kuwachoma Moto?

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam). Ama baad:

Baadhi ya ndugu zetu wa Mbweni, Dar es Salaam, wametuuliza hukumu ya kuwachoma moto nyuki wanaojenga mapaani na kwenye miembe. Huko nyumba zimesogea hadi karibu na mikoko, na maua ya mchu ni malisho ya nyuki, basi si ajabu kukutana nao.

Kwanza, asili ni kutowaua. Amepokea Abu Dawud kutoka kwa Ibn Abbas (Radhiya Allahu 'anhuma) kwamba Mtume amekataza kuuawa wanyama wanne, na nyuki ni mmoja wao. Na imethibiti katazo la kuadhibu kwa moto. Katika Surat An-Nahl, aya ya 68, Allah ametaja makazi ya nyuki: majabali, miti, na hata wanayoyajenga watu.

Pili, faida yao haiishii kwenye asali. Mmea wa boga una maua dume na maua jike mbalimbali; chavua isipofikishwa, kijitunda hunyauka na kuanguka. Maua hayo hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri. Anayepiga dawa asubuhi huwaua wanaomhudumia. Watu wa Madina walikuwa wakiichavusha mitende kwa mikono yao. Walipoacha, mavuno yakaharibika, na Mtume akawaambia kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao, kama ilivyo katika Sahih Muslim. Kazi ile ya mikono, kwenye boga hufanywa na nyuki.

Tatu, la kufanya. Kundi lililoning'inia tawini mara nyingi linapumzika tu, liachwe liondoke. Waliokwisha kujenga, aitwe mfugaji wa nyuki awahamishie mzingani. Wakiwa wanadhuru na ikashindikana kuwaondoa, inajuzu kuwaua bila ya moto, kwani madhara huondolewa. Dawa ya mimea ipigwe jioni, na isipigwe juu ya maua.

Tunawanasihi pia wenye bustani na walimu wa madrasa: kila wiki, baada ya jua kuchomoza, kaeni na watoto dakika 10 mbele ya maua ya boga, hesabuni wadudu wanaotua, na andikeni tarehe. Wakipungua mtajua mapema, kabla ya kukosa mavuno.

Wallahu a'alam.