Unga wa Tufaha Hautibu Sikoseli

Nimeulizwa tena, safari hii Chamazi, na mama mwenye mtoto wa miaka miwili mgonjwa wa sikoseli: "Daktari, hizi seli shina za tufaha nimpe kutwa mara ngapi?" Haulizi kama zinatibu. Hilo keshaaminishwa. Muuzaji kamwambia amwage unga chini ya ulimi wa mtoto, uingie kwenye damu, ufike kwenye uloto na kutengeneza seli mpya.

Usimpe hata mara moja. Karibu kila seli ya mtoto yule, iwe ya ini, ya ngozi au ya uloto, ina jeni zilezile. Kinachozitofautisha ni protini zinazoshika DNA na kuamua jeni ipi iwashwe na ipi izimwe. Seli shina huwa seli shina kwa sababu protini zake maalumu ziko kazini ndani yake. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka alichukua seli za kawaida za panya, akaziingizia jeni za protini nne tu, Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc, nazo zikarudi kufanana na seli za kiinitete. Mwaka 2012 akapewa Nobel.

Sasa tufaha. Ncha ya chipukizi la mti ina seli shina kweli, ila zinaongozwa na protini ya mimea iitwayo WUSCHEL. Oct4 hazina, na maagizo ya kutengeneza damu ya binadamu hazina. Zikikaushwa na kusagwa, zimekufa. Ukizimeza, tumbo linazivunja kama linavyovunja mchicha. Chini ya ulimi? Hapo hupita molekuli ndogo, kama zile za dawa ya maumivu ya kifua wanayopewa wagonjwa wa moyo. Seli nzima haipiti. Na hata ingepita ikiwa hai, kinga ya mwili ingeishambulia. Uloto wa binadamu mwenzako tu mwili huukataa usipolingana, ndiyo maana tunahangaika kutafuta ndugu wa tumbo moja, halafu mtu anakuja na kipakiti cha mmea! Huu ni uongo, na unaua, kwa sababu wazazi wakishaununua huacha dawa za kliniki.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ukweli wenyewe upo, na sehemu yake imetafitiwa hapa hapa Dar es Salaam. Mama yule anasema mwanawe alizaliwa mzima, kisha vidole vikavimba akiwa na miezi saba, jirani akasema ni chanjo. Si chanjo. Tumboni mtoto hutumia himoglobini ya kijusi, ambayo haiguswi na hitilafu ya sikoseli. Baada ya kuzaliwa, protini iitwayo BCL11A huzizima jeni za himoglobini hiyo, na himoglobini ya ukubwani, yenye hitilafu, hushika nafasi. Kuanzia kama miezi sita, ule ulinzi umekwisha. Wapo wagonjwa ambao uzimaji huo haukamiliki, na mara nyingi ugonjwa wao huwa mwepesi. Mwaka 2011 Profesa Julie Makani wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa wa Tanzania na Uingereza ulioonyesha kuwa tofauti za kurithi kwenye BCL11A zinachangia kiwango cha himoglobini hiyo.

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya sikoseli iitwayo Casgevy. Seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe hutolewa, DNA yake hukatwa mahali panapoiamuru BCL11A kwenye seli zinazozaa chembe nyekundu, ili himoglobini ya kijusi irudi, kisha seli hizo hurudishwa mwilini baada ya uloto wa zamani kuuawa kwa dawa kali. Marekani bei yake ni dola milioni 2.2. Hivyo ndivyo seli shina ya damu inavyobadilishwa.

Mzazi, uwe wa Chamazi au kwingine, fanya haya. Mpime mtoto akiwa mchanga. Akikutwa na sikoseli, penisilini kila siku hadi miaka mitano, foliki asidi, chanjo zote, chandarua. Muulize daktari kuhusu haidroksiyurea, dawa ya kila siku inayopandisha himoglobini ya kijusi. Utafiti wa REACH wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliochapishwa 2019, ulionyesha kuwa watoto walipoianza, maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vilipungua. Inataka kupimwa damu mara kwa mara. Mwenye ndugu anayelingana aulizie upandikizaji wa uloto katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Wachumba, pimeni kabla ya ndoa. Homa ni hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana.

Na kama uliacha haidroksiyurea kwa ajili ya vipakiti, mrudishe mtoto kliniki kesho asubuhi, useme ukweli ulichompa na kwa muda gani. Tunahitaji kujua hilo ili tumtibu.