Je, Wajua? Modemu ya Bei Poa Ilikopa Akili ya Kompyuta

Enzi za intaneti ya kupiga simu, mawasiliano yakikatika kila mara watu walilaumu laini. Wakati mwingine mkosaji alikuwa modemu, kifaa kilichounganisha kompyuta na laini ya simu. Nyingi za bei poa hazikuwa na kichakataji chake. Kazi ya uchakataji ziliitwika kompyuta. Ukifungua programu nzito, kompyuta ilielemewa na laini ikakatika.

Kipimo kilikuwa rahisi: inua mkonga wa simu usikilize. Ukisikia mikwaruzo, kagua waya na viungio. Mlio ukiwa safi, funga programu nyingine au punguza kasi ya modemu.

Hata nzima, modemu hiyo haikuvuka kilobiti 56 kwa sekunde: picha ya megabaiti 1 ilichukua zaidi ya dakika 2.

Shinyanga na Geita kulikuwa na adui mwingine: radi za Kanda ya Ziwa. Kuzima swichi ya ukutani hakukutosha, kwani radi hupita pia kwenye waya wa simu. Wingu likitanda, aliyejua alichomoa nyaya zote mbili, wa umeme na wa simu.

Baadaye intaneti ya kasi ikaja kwa njia ya bahari: mkongo wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam mwaka 2009.