Mwandishi wa Habari na Mlango wa Ofisi

Zamani, mwandishi wa habari wa Kenya alipotaka kujua mambo ya ofisini, alimvizia karani njiani ili amnong'oneze. Naye karani, akiikumbuka Sheria ya Siri za Serikali ya mwaka 1968, aliogopa kifungo akanyamaza.

Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 imefungua mlango. Mwandishi hupeleka ombi kwa maandishi, na afisa hana budi kutoa jibu katika siku 21. Kama uhai wa mtu umo hatarini, saa 48. Siri za ulinzi wa nchi zingali zimefungwa.

Haki hii si ya waandishi tu. Mkulima naye ni yake. Basi, makarani wenzangu, tutunze faili, kwani faili iliyopotea haimjibu mtu.