Mlima Umepigwa Picha Nyingi. Je, Watu wa Kando ya Reli?

Mlima Kilimanjaro haujapungukiwa na wapiga picha. Kila mgeni afikaye Moshi huamka alfajiri, kabla mawingu hayajakifunika Kibo, akaelekeza kamera yake juu. Picha hizo zimejaa katika kalenda, stempu na vitabu vya dunia nzima. Lakini chini ya mlima huo huo imepita reli, na kando ya reli wanaishi watu: mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, mchukuzi aliyekaa juu ya mkokoteni akingoja mzigo, fundi viatu, mtoto wa shule akatishaye njia ya mkato. Hao nani amewapiga picha? Na kama wamepigwa, picha zao ziko wapi?

Huenda msomaji akauliza, je, katika mahitaji yote tuliyo nayo, picha nalo ni jambo la kuhangaikia? Tumjibu kwa mfano wa mlima wenyewe. Mwaka 1912 Mjerumani mmoja, Fritz Klute, alipima Kilimanjaro kwa msaada wa picha, akachora ramani iliyoonyesha eneo la barafu. Kwa kuwa kumbukumbu hiyo ilihifadhiwa, wataalamu wa baadaye waliweza kulinganisha, wakaona kuwa kati ya mwaka 1912 na 2007 sehemu 85 katika kila 100 za eneo hilo la barafu zilikuwa zimetoweka. Bila ya kumbukumbu ya zamani tungebaki tukibishana, huyu akisema theluji imepungua, yule akisema macho ya wazee yanamdanganya. Basi ikiwa barafu imepata shahidi wake, yafaa tuulize ni nani shahidi wa maisha ya binadamu waliokaa chini yake kwa muda uo huo.

Maana reli na ramani ile ni karibu rika moja. Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893 mikononi mwa kampuni ya Kijerumani. Kampuni ilipoishiwa fedha, serikali ya kikoloni iliichukua kazi hiyo mwaka 1899. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911, mwendo wa kilomita 352 kutoka Tanga. Moshi ya kale ilikuwa juu mlimani. Mji tuujuao leo ulikua kukizunguka kituo cha reli huku chini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliunga reli ya Voi na hii yetu huko Kahe, na mwaka 1929 njia ikafika Arusha. Mwaka 1963 kiungo cha kutokea Ruvu kiliiunganisha njia ya Tanga na Reli ya Kati, hata abiria akaweza kutoka Dar es Salaam mpaka Moshi kwa gari la moshi.

Kahawa ya mlima ilishuka kwa njia hiyo kwenda bandarini. Wakulima wa Kichagga walioanzisha chama chao cha KNPA mwaka 1925, na baadaye kujiunga katika KNCU, waliuza jasho lao mpaka ng'ambo kwa msaada wa mabehewa yale. Kwa reli hiyo watoto wengi walikwenda kusoma, na wengi wakaenda kutafuta kazi. Kisha kukaja ukimya. Kwa muda uliozidi miaka 20 abiria hawakuliona gari lao. Pale ambapo reli hulala, nyasi huota kati ya mataruma, watu wakaigeuza njia ya miguu na mbuzi wakapata malisho. Mwaka 2019 treni ya mizigo ilirudi Moshi, na mwezi Desemba mwaka huo huo treni ya abiria ikatokea Dar es Salaam; mwaka 2020 ikafika Arusha. Watoto waliozaliwa na kukua wakati wa ukimya ule waliona treni ya abiria mjini mwao kwa mara ya kwanza.

Hebu tufikiri: miaka ile ya ukimya, ambayo haitarudi tena, tunayo picha yake? Zipo habari za viongozi waliofika kuzindua. Lakini sura ya mtu wa kawaida aliyepita juu ya reli ile kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka, ni nadra kuipata.

Picha za zamani zaidi zipo, ila nyingi ziko mbali nasi. Mjerumani Walther Dobbertin alipiga picha nyingi katika nchi hii kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita hivyo, nazo zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa la Ujerumani. Twashukuru kwamba hazikupotea. Hata hivyo, mtu azitazamapo picha za enzi hiyo hukuta jambo moja la kuchoma moyo: jina la Mzungu limeandikwa, na jina la Mwafrika aliyesimama karibu naye mara nyingi halikuandikwa. Ameandikwa kuwa ni askari, au mchukuzi, au mwanamke wa kabila fulani. Mjukuu wake aweza kuitazama sura ya babu yake asijue kuwa ndiye.

Walakini Waafrika wamekwisha kuonyesha kuwa kazi hii wanaiweza. Huko Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, karibu na stesheni ya reli. Wasafiri na watu wa mji walimwendea wakiwa katika mavazi yao bora, naye akawapiga kwa filamu ya nyeusi na nyeupe, kila mmoja akionekana ni mtu mwenye heshima zake. Leo picha hizo hutazamwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Karibu zaidi nasi ni Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, mtoto wa mfanyakazi wa reli, ambaye alianza kupiga picha utotoni alipokuwa akiishi Dar es Salaam. Mwaka 1986 yeye na wenzake walitoa kitabu kizima juu ya reli ya Afrika Mashariki.

Sasa kwa nini filamu ya nyeusi na nyeupe, wakati kila kijana ana simu mfukoni? Sababu ya kwanza ni uimara. Picha ya namna hii, ikisafishwa vizuri, imejengwa kwa chembe za madini ya fedha. Picha nyingi za rangi za zamani zilijengwa kwa rangi za dawa, na kila nyumba yenye albamu imeona jinsi zilivyofifia zikawa nyekundu. Ama picha za simu, hizo huondoka siku simu inapoibiwa au kuharibika.

Sababu ya pili ni adabu ya kazi. Filamu ndogo ya kawaida ina picha 36, na kila moja ina gharama. Mpiga picha hulazimika kusimama, kuamkia, kuzungumza, na kungoja. Tena hulazimika kuchagua. Asubuhi Moshini, mama akisimama mbele ya mlima, mwanga wa Kibo ni mkali na uso wake umo kivulini. Akiipima kamera kwa ajili ya theluji, uso wa mama utakuwa giza tupu. Akiipima kwa ajili ya uso, mlima utapauka na huenda usionekane kabisa. Wageni wengi wameuchagua mlima. Sisi twasema, kijana wetu na auchague uso.

Lakini asidhani kwamba kuwa mwenyeji kunampa ruhusa ya kumdhalilisha mtu. Aombe idhini kwa anayempiga, na kwa wakubwa wa stesheni akiwa katika eneo la reli. Asisimame juu ya njia, kwani treni zinapita. Asiwinde matambara na machozi ili apate kusifiwa mjini. Aandike nyuma ya picha jina la mtu, mahali na tarehe, kama mwenyewe ameridhia. Kisha amrudishie nakala yake. Mama muuza ndizi akiitundika picha yake ukutani, hapo ndipo tutajua kuwa kazi imefanywa kwa haki.

Limebaki suala la kuhifadhi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika miji yetu walikuwako wenye studio waliopiga harusi, vipaimara na wasafiri kwa miaka mingi. Mzee akifariki, maboksi ya negativu huonekana ni takataka, yakachomwa moto. Joto na unyevu navyo huziharibu. Filamu ikianza kutoa harufu kama ya siki, ujue imeanza kuoza. Ziwekwe mahali pakavu penye ubaridi, ndani ya bahasha za karatasi, wala si katika mifuko ya nailoni chini ya kitanda. Familia zenye maboksi hayo ziwaulize wazee majina ya waliomo wakati wazee wangalipo. Shule za Moshi ziwatume wanafunzi kufanya kazi hiyo, na maktaba ya mkoa itenge kabati moja kwa picha za reli na watu wake. Hayo hayahitaji fedha nyingi wala mtaalamu kutoka nje.

Barafu ya Kibo ilipata mtu wa kuiandika mwaka 1912, na kwa sababu hiyo twajua leo tumepoteza nini. Watu wa kando ya reli nao wanastahili kuandikwa, kwa sura zao na kwa majina yao. Mwenye kamera na aanze wiki hii, kwa jirani yake wa karibu.