Hedhi ya Kwanza na Kitambaa Kisichoona Jua

Katika nyanda za juu za Mbinga, mvua huanza mwezi Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Siku hizo nguo iliyofuliwa jana huwa bado mbichi leo jioni. Mvua zikipita, huingia baridi ya Juni na Julai. Huko chini, mwambao wa Ziwa Nyasa, siku ya jua kali kitambaa kilekile hukauka kwa saa chache tu. Tofauti hii, ambayo mkulima huizingatia anapoanika kahawa yake, ina uzito pia katika jambo lisilozungumzwa barazani: namna msichana anavyojitunza apatapo hedhi yake ya kwanza.

Kigonsera, iliyo kwenye barabara itokayo Songea kwenda Mbinga, inajulikana kwa misheni ya Wabenediktini na kwa seminari ambamo Benjamin Mkapa, Rais wa Awamu ya Tatu, alisoma. Sifa hiyo ni ya kulea wavulana. Makala haya yanawahusu dada zao, wasomao katika shule za kata za milimani na za mwambao, pamoja na walimu wao. Wavulana nao yafaa wasome, maana aibu ya msichana darasani mara nyingi huanzia kwenye kicheko cha mvulana asiyejua.

Kazi ifanywayo na mwili

Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na akiba ya mayai yake yote ndani ya ovari zake mbili. Akiba hiyo huwa kati ya mayai milioni 1 na milioni 2. Afikapo umri wa kubalehe hubaki 300,000 hivi au zaidi kidogo, na katika maisha yake yote ni mayai 400 hadi 500 tu yatakayopevuka. Kinachoyaamsha ni tezi ndogo kama punje ya njegere, iitwayo pituitari, iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo, ikiamriwa na sehemu ya ubongo iliyo juu yake, hutoa homoni ambazo husafiri katika damu hadi kwenye ovari, nazo ovari hujibu kwa kutoa homoni ya estrojeni.

Dalili ya kwanza ya estrojeni ni kuota kwa matiti. Hedhi hufuata baadaye, kwa kawaida baada ya miaka 2 au 3. Kwa hiyo mama, shangazi au mwalimu aonaye dalili hiyo amekwisha kupewa taarifa na maumbile, tena mapema, kwamba wakati wa kuzungumza umefika. Kusema hedhi ilimkuta msichana ghafla ni kusema wakubwa wake hawakuitumia miaka hiyo.

Kila mzunguko, estrojeni huunenepesha utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Yai likipevuka na kutoka, kifuko kilichobaki katika ovari hutoa homoni ya pili, projesteroni, ambayo huuandaa utando huo upokee mimba. Mimba isipotungwa, homoni zote mbili hupungua, mishipa midogo ya damu katika utando hujibana, na utando humeguka na kutoka pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi. Haina sumu wala si damu chafu: ni damu ileile izungukayo mwilini, iliyochanganyika na ute na vipande vya utando. Kiasi chake nacho ni kidogo kuliko kionekanavyo kwenye nguo, wastani wa mililita 30 hadi 40 kwa hedhi moja, yaani vijiko viwili au vitatu vya chakula. Ikipita mililita 80 huhesabiwa kuwa nyingi mno. Msichana hana chombo cha kupimia, lakini akilowesha kitambaa kizima kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, au akitokwa damu zaidi ya siku 7, yafaa apelekwe zahanati.

Wasichana wengi huanza hedhi wakiwa na miaka 12 au 13, ingawa kuanza na miaka 10 au 15 ni kawaida pia. Umri huu hufuata lishe na afya ya jamii. Huko Ulaya, katikati ya karne ya 19, wasichana wengi walianza wakiwa na miaka 16 au zaidi. Kadiri chakula na afya vilivyoendelea kuwa bora, umri huo ulishuka hadi karibu miaka 13. Msichana aliyetimiza miaka 15 bila kuona hedhi amwone mganga, si kwa hofu, bali ili sababu ijulikane.

Katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo mzunguko huenda bila mpango. Mazungumzo kati ya ubongo na ovari hayajazoeleka, na mara nyingi damu hutoka pasipo yai lolote kupevuka. Mzunguko wa siku 21 hadi 45 si wa ajabu kwa msichana wa umri huo. Wengi hudhani kwamba 28 ni sheria, na asiyeifuata ana maradhi au ana siri.

Hapa pana jambo linalopasa kusemwa waziwazi. Kyusaku Ogino wa Japani mwaka 1924, na Hermann Knaus wa Austria miaka michache baadaye, walionyesha kwamba yai hutoka wiki mbili hivi kabla ya hedhi inayofuata. Yaani yai hutangulia, damu hufuata. Msichana aweza kushika mimba kabla hajaona hedhi hata moja, na yule ambaye mzunguko wake haujatulia hawezi kujilinda kwa kuhesabu siku katika kalenda, kwa kuwa hajui hedhi ijayo itaanza lini.

Majina na miiko

Kiswahili hakina upungufu wa majina kwa jambo hili. Mtu huvunja ungo, huingia mwezini, huwa katika siku zake. Neno hedhi lenyewe limetoka katika Kiarabu. Majina mengi ya namna hii huzunguka jambo pasipo kuligusa, na msichana aweza kuyasikia yote asijue ni nini hasa kimemtokea.

Unyago wa pwani na kusini ulikuwa shule ya kweli. Kungwi au somo alimfundisha mwali usafi, adabu na mambo ya unyumba, kwa nyimbo na ngoma, Zanzibar Bi. Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana kwa kazi hiyo kama alivyojulikana kwa taarabu. Mafunzo ya usafi yaliyotolewa humo yanastahili heshima. Kasoro ni pale yanapomfanya mtoto wa miaka 13 aonekane mke. Mifupa ya nyonga yake bado inakua, na mimba katika umri huo humweka katika hatari ya uzazi pingamizi na fistula. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani iliuthibitisha uamuzi huo mwaka 2019.

Miiko nayo ni mingi. Katika nchi jirani ya Malawi, kwa mfano, zipo jamii ambamo mwanamke aliye katika hedhi haruhusiwi kutia chumvi katika chakula. Asije msomaji akadhani kwamba makosa ya namna hii ni ya vijijini peke yake. Mwaka 1920 daktari maarufu wa Vienna, Béla Schick, aliandika kwamba maua yaliyoshikwa na mtumishi wake aliyekuwa katika hedhi yalinyauka, akadai kwamba mwanamke wa hali hiyo hutoa sumu. Sumu hiyo haikuthibitishwa kamwe. Chumvi itiwayo na msichana aliye katika hedhi ni chumvi tu.

Kitambaa

Taulo za kike za dukani ni nzuri, lakini bei yake huwashinda wengi. Kenya iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2004. Tanzania ilifanya hivyo mwaka 2018, kisha ikairudisha mwaka 2019. Katika nyumba nyingi za wakulima na wavuvi, kitambaa kingali ndicho tegemeo, nacho si duni kikitunzwa vyema. Kitambaa cha pamba, kama kipande cha kanga kuukuu kilicho laini, hunyonya vizuri kuliko cha nailoni. Vipande sita au zaidi hutosha kupokezana: vingine vikivaliwa, vingine vikifuliwa, vingine vikikauka. Kibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama damu ni kidogo.

Kwanza kiloekwe katika maji baridi. Maji ya moto huigandisha protini ya damu ndani ya nyuzi, kama yanavyoligandisha yai la kuku, na doa halitoki tena. Baada ya damu kutoka ndipo kifuliwe kwa sabuni na kusuuzwa mpaka maji yawe meupe, kwa kuwa mabaki ya sabuni huwasha ngozi. Mikono inawiwe kabla na baada. Mwili uoshwe kwa maji safi kwa nje tu. Ukeni hamna haja ya sabuni, maana humo huishi bakteria wema watengenezao asidi inayozuia vijidudu vya maradhi, na sabuni huwaharibia makazi.

Kisha huja kukausha, na hapo ndipo madhara mengi huanzia. Kwa aibu, kitambaa hufichwa chini ya godoro, nyuma ya sanduku, au chini ya nguo nyingine ndani ya chumba kisicho na dirisha. Hubaki na unyevu siku mbili au tatu, na unyevu pamoja na vuguvugu ndivyo bakteria na kuvu hupenda. Msichana akikivaa tena hujipaka wadudu aliowafuga mwenyewe. Muwasho, harufu na ute usio wa kawaida huweza kufuata, naye hudhani ni hedhi iliyomwumiza. Waingereza wawili, Downes na Blunt, walionyesha mwaka 1877 kwamba mwanga wa jua huzuia vijidudu kuota. Dawa hiyo haiuzwi. Penye aibu, kitambaa kiwekwe chini ya kanga moja nyepesi kambani: upepo utapita, na joto litafika. Wakati wa mvua kipigwe pasi ya mkaa pande zote mbili hadi kikauke kabisa, maana joto la pasi huua vijidudu vingi.

Maumivu, chakula, na damu isiyo ya hedhi

Maumivu ya tumbo husababishwa na kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huufanya mfuko wa uzazi ujikaze. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa na kuwekwa tumboni husaidia, na mazoezi mepesi pia. Ibuprofeni huzuia kemikali hizo zisitengenezwe. Hunywewa baada ya kula, na mwenye pumu au vidonda vya tumbo aulize kwanza. Maumivu yanayomlaza kitandani kila mwezi si mzigo wa kuvumiliwa, apelekwe hospitali.

Kila mililita ya damu huondoka na karibu nusu miligramu ya madini ya chuma. Maharage ya milimani, usipa wa ziwani na mboga za majani huyarudisha. Mahali palimwapo kahawa yafaa ijulikane kwamba kahawa na chai, zikinywewa pamoja na chakula, huuzuia mwili usipate chuma cha maharage hayo. Pera au chungwa hufanya kinyume chake.

Kwa wasichana wa mwambao kuna onyo moja zaidi. Kichocho cha njia ya mkojo kinajulikana katika Ziwa Nyasa, na dalili yake kuu ni damu katika mkojo. Katika wanawake huweza pia kuleta vidonda na damu ukeni. Msichana aonaye damu kila akojoapo, bila kujali tarehe, asiambiwe kwamba amevunja ungo. Apimwe, tiba yake, prazikwanteli, ni vidonge.

Shuleni

Mada ya uzazi katika Baiolojia imezoeleka kufundishwa Kidato cha Tatu. Hesabu ni rahisi: msichana wa miaka 12 au 13 yuko darasa la sita au la saba, au ndiyo kwanza ameingia sekondari, na wengine huacha masomo kabla ya kuifikia mada hiyo. Mwalimu wa malezi anaweza kuifundisha mapema bila kungoja mtaala. Anaweza pia kuweka kabatini vitambaa vichache safi, sketi ya akiba na kipande cha sabuni, na kuona kwamba choo kina komeo la ndani na ndoo ya maji. Na mahali penye bweni, iwepo kamba ya kuanikia iliyo uani, upande wa mashariki ambako jua la asubuhi hutangulia kufika, yenye urefu wa kuwatosha wasichana wote, na iliyofungwa juu kiasi cha mbuzi kutoifikia.