Kwa Nini Daktari Hupima "Uzito" wa Damu

Mkulima, ukitoka hospitali na karatasi isemayo damu yako ipimwe uzito, usifikiri daktari anataka kujua kama damu yako ni nzito kama uji au nyepesi kama maji. Mara nyingi anataka kujua jambo moja tu: damu yako huchukua muda gani kuganda. Jambo hili lilionekana kwanza katika ng'ombe, na kwa hiyo yafaa tuanze zizini.

Katika miaka ya 1920, ng'ombe wengi walikufa katika sehemu za kaskazini za Marekani na katika Kanada. Ng'ombe alikatwa pembe, au dume alihasiwa, na damu ikatoka bila kukoma mpaka mnyama akafa. Daktari wa mifugo wa Kanada, Frank Schofield, aliona kwamba wanyama hao walilishwa nyasi kavu za klova tamu zilizoota ukungu. (Kama umepata kurundika nyasi kabla hazijakauka vizuri, waujua ukungu huo.) Mwaka wa 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alisafiri katika theluji na mtamba aliyekufa, nyasi zenyewe, na mkebe wa maziwa wenye damu isiyotaka kuganda, akampelekea Karl Paul Link, mtaalamu wa kemia. Mwaka wa 1939 Link na wenzake waliipata sumu yenyewe. Kutokana na kazi hiyo ikatengenezwa wafarini, ambayo mwaka wa 1948 ilianza kuuzwa kuwa sumu ya panya, na mwaka wa 1954 ikaruhusiwa Marekani kuwa dawa ya watu.

Usishtuke. Vidonge vya wafarini hupewa mtu ambaye damu yake yaweza kuganda ndani ya mishipa: mwenye bonge la damu mguuni au mapafuni, au mwenye mlango wa moyo ulioharibika na kuwekewa wa chuma. Bonge likitoka moyoni na kufika ubongoni, mtu hupata kiharusi. Lakini dawa ikizidi, mtu huvuja damu kama wale ng'ombe. Nafasi katikati ya hatari hizi mbili ni ndogo, wala huwezi kuijua kwa kujisikia. Ndiyo sababu ya kupima.

Majibu huandikwa kwa namba iitwayo INR. Mtu mzima wa afya asiyekunywa dawa hii huwa karibu na 1. Wagonjwa wengi wa wafarini hutakiwa wawe kati ya 2 na 3, na wenye milango ya chuma pengine zaidi kidogo. Namba ikipanda, damu yachelewa kuganda. Fahamu pia kwamba kidonge cha leo huonyesha kazi yake baada ya siku mbili tatu. Kwa hiyo ukisahau kimoja usimeze viwili kesho yake, mwambie daktari.

Sasa tuingie shambani. Ini hutumia vitamini K kutengeneza vitu vya kugandisha damu, na wafarini huizuia kazi hiyo. Vitamini hii imo kwa wingi katika sukuma wiki, mchicha, managu na majani ya kunde. Wakati wa mvua mboga ni tele, namba yaweza kushuka; kiangazi kikikausha bustani, yaweza kupanda, ijapokuwa vidonge ni vilevile. Wengine husikia hivyo wakaacha mboga kabisa. Hilo ni kosa. Kula mboga zako, lakini kwa kiasi kile kile kila juma.

Aspirini na dawa nyingine za maumivu zinunuliwazo dukani, pombe nyingi, na dawa za miti shamba huweza kuharibu hesabu yote. Mama anayekunywa wafarini akidhani ana mimba asingoje, aende kwa daktari mara moja, kwani dawa hii huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Hata asiyekunywa wafarini huweza kupimwa: kabla ya kupasuliwa, akiwa na ugonjwa wa ini, au akiumwa na nyoka. Sumu ya nyoka wengine huzuia damu isigande, na hapo mganga huweza kutia damu kidogo katika kichupa safi cha kioo, akangoja dakika 20, kisha akakiinamisha aone kama imeganda.

Ukiwa katika dawa hii, fizi zikivuja damu, mkojo ukiwa mwekundu, choo kikiwa cheusi kama lami, au ukianguka na kugonga kichwa, usingoje siku yako ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo na daftari lako la vipimo, na ukifika mwambie wa kwanza atakayekupokea kwamba unakunywa wafarini, kabla hujadungwa sindano yo yote.